Njia ya Bandari ni Shingo Yetu: Tuilinde Wenyewe



Kila tunapokaa chini ya mti wakati wa chakula cha mchana, liwe shamba la miwa au ua wa kiwanda cha saruji, mazungumzo huishia kwenye bei. Mbolea imepanda. Dizeli imepanda. Kipuri cha mashine kiliagizwa miezi mitatu iliyopita na bado hakijafika, na msimamizi anasema zamu ya usiku itasimamishwa mpaka kifike. Ukimwuliza kimekwama wapi, atajibu kwamba meli imezunguka, au foleni ya mpakani ni ndefu.

Hapo ndipo tunapotaka kuanzia. Wengi wetu tukisikia habari za mfereji wa Suez tunadhani hayo ni mambo ya wakubwa na wenye meli. Sivyo. Mtu wa Buhehe ambaye hajawahi kuiona bahari analipa ushuru wa bahari kila anaponunua sabuni. Na sisi huku tunao mfereji wetu, ingawa hauna maji: ni reli na barabara inayotoka Mombasa, kilomita 900 na zaidi, ikaingia Uganda kwa milango miwili, Malaba na Busia. Mzigo wa Uganda ndio mkubwa kuliko wa nchi nyingine yoyote unaopita Mombasa kwenda nje ya Kenya. Njia hii ndiyo shingo yetu, na mwenye kuishika shingo ya mtu hana haja ya kumpiga.

Tuanze na Suez, maana wenzetu wa Misri walitutangulia kujifunza. Mfereji ule ulichimbwa kuanzia mwaka 1859, ukafunguliwa 1869. Wakulima wa Misri walikokotwa kwa maelfu kwenda kuchimba kwa lazima, na wengi wakafia huko. Mwaka 1875 mtawala wa Misri, akiwa amezama katika madeni, aliiuzia Uingereza hisa zake kwa pauni milioni 4. Tangu siku ile Wamisri walikuwa wenyeji wa ardhi na wageni wa faida. Deni lilifungua mlango, na majeshi yakafuata mwaka 1882.

Tarehe 26 Julai 1956 Gamal Abdel Nasser alitangaza kwamba mfereji umekuwa mali ya taifa. Wenye kampuni walicheka. Walisema Mwafrika na Mwarabu hawawezi kuongoza meli. Mwezi wa Septemba marubani wa kigeni wakaacha kazi kwa pamoja ili mfereji usimame, wapate kisingizio. Haukusimama. Marubani wachache wa Misri, pamoja na wenzao wachache kutoka nje waliojitolea, walifanya kazi bila kulala na meli zikapita. Ndipo Uingereza, Ufaransa na Israeli walipoingia kwa silaha mwishoni mwa Oktoba. Mfereji ulizibwa mpaka Aprili 1957, lakini mwishowe majeshi yaliondoka na mfereji ukabaki kwa wenyewe.

Funzo la kwanza ni hilo. Mali ya taifa hailindwi na bunduki peke yake. Inalindwa na wafanyakazi wanaoijua kazi yao na wanaoiona kuwa yao.

Funzo la pili ni kwamba njia ikizibwa, wa kwanza kuumia ni wa mwisho kuulizwa. Vita vya Juni 1967 viliufunga mfereji miaka minane, hadi Juni 1975, na meli za Ulaya zilizokuja Mombasa zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Machi 2021 meli moja tu, Ever Given, ilikwama siku sita na dunia nzima ikasimama. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemeni walianza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu, na makampuni mengi yakarudi kwenye njia ile ya kuzunguka bara zima. Mapato ya Misri kutokana na mfereji yalishuka kwa zaidi ya nusu mwaka 1024+1000, yaani 2024. Magazeti yaliandika sana juu ya hasara ya wenye meli. Yaliandika kidogo juu ya mabaharia watatu waliouawa ndani ya meli True Confidence mwezi Machi 2024, na juu ya mabaharia 25 wa Galaxy Leader walioshikwa mateka zaidi ya mwaka mzima, hadi Januari 2025. Wale walikuwa wafanyakazi kama sisi, waliotafuta mshahara mbali na kwao.

Sasa turudi nyumbani.

Reli yetu ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa njiani. Baadaye njia nyingine ilipitia Eldoret na Tororo, na mwaka 1931 treni ikafika Kampala. Mkoloni hakuijenga kwa ajili yetu. Aliijenga ili pamba na kahawa vitoke, na vitambaa vyake viingie. Hata mpaka wenyewe aliupanga kwa kalamu: mwaka 1902 mkoa mzima wa mashariki ya Uganda ulihamishiwa upande wa Kenya. Ndiyo sababu Msamia wa Buhehe ana shangazi Funyula, na Mteso wa Tororo ana mjomba Amagoro, na wote wanahesabiwa kuwa wageni wakitembeleana.

Tangu uhuru, shingo hii imekabwa mara nyingi, na tunazikumbuka. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Makuli wa Mombasa wakakataa kugusa mzigo wa Uganda. Baada ya mambo ya Entebbe mwezi Julai mwaka huohuo, mafuta ya kuja Uganda yakapungua, magari yakasimama na magendo yakatawala. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na reli iliyokuwa moja ikagawanywa kama nyama ya arusi. Desemba 1987 askari wa nchi mbili walipigana papa hapa mjini Busia, na mpaka ukafungwa. Januari 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera, na Uganda ikakosa mafuta. Mwaka 2020 na tena Januari 2022, wakati wa korona, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita nje ya Malaba na Busia.

Kila mara wakubwa waligombana na kupatana. Je, kuna mfanyakazi yeyote aliyelipwa siku zake zilizopotea? Tunakumbuka Januari 2008. Kiwanda kimoja cha upande huu kilizima mitambo kwa kukosa dizeli, watu wakaambiwa warudi nyumbani hadi watakapoitwa. Walioitwa baadaye walikuwa nusu. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Nasi tumekuwa nyasi kwa muda mrefu.

Kwa hiyo tunakubali kwamba njia hii lazima ilindwe. Swali letu ni: ilindwe dhidi ya nani, na ilindwe na nani?

Adui wa kwanza huja amevaa tai. Hatusemi kila mgeni ni adui. Mashine tunazoziendesha zimetoka ng'ambo, na ujuzi hauna taifa. Tunasema juu ya mkono unaoshika usukani wa njia yetu huku sisi hatuoni. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Wafanyakazi wengi wa reli walipoteza kazi mwanzoni kabisa. Tuliahidiwa injini mpya na mizigo mingi. Umilikaji ukahama kutoka mikono ya wageni hawa kwenda kwa wageni wale, na mwaka 2017 mkataba ukavunjwa kabla hata ya kufika nusu ya muda wake. Wenye hisa walikwenda zao. Reli ilibaki na kutu, na waliofukuzwa hawakurudishwa.

Tutazame reli mpya ya Kenya iliyofunguliwa mwaka 2017. Mikataba ya mkopo wake na Benki ya Exim ya China ilitiwa saini Mei 2014. Wananchi watakaoulipa kwa jasho hawakuoneshwa. Ilibidi watu waende mahakamani, na serikali ilitoa sehemu ya mikataba hiyo Novemba 2022, miaka minane baadaye. Humo ndani ikaonekana kwamba mambo ni ya siri, na kwamba ugomvi ukitokea utaamuliwa Beijing. Sisi hatuna ugomvi na mfanyakazi wa China aliyetandika reli kwenye jua la Tsavo. Tunauliza wale waliotia saini: kama mkataba ni mzuri, ulifichwa kwa nini?

Na mafuta je? Mwaka 2023 Kenya ilipatana na makampuni matatu ya serikali za Ghuba yailetee mafuta kwa mkopo. Mwaka huohuo Uganda ikapitisha sheria ya kuagiza mafuta yake yenyewe kupitia shirika lake la taifa, na mwuzaji akawa Vitol Bahrain. Kenya ikasita kutoa leseni. Desemba 2023 Uganda ikaishtaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwaka 2024 wakapatana. Ndugu, angalieni vizuri. Majirani wawili wa damu moja walifikishana mahakamani, na nyuma ya kila mmoja alisimama mwuza mafuta kutoka mbali. Na sasa reli mpya ya kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, imepewa kampuni ya Uturuki kwa mkataba wa Oktoba 2024. Tunaitaka reli hiyo, tena sana. Lakini tunataka kuusoma mkataba kabla ya kuukuta katika kodi za watoto wetu.

Adui wa pili huja amebeba bomu. Hatuna haja ya kuelezwa habari zake. Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 waliokufa wengi walikuwa makarani, wapita njia na wanafunzi. Kampala tarehe 11 Julai 2010 walikuwa vijana waliokwenda kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Zaidi ya 70 waliuawa. Westgate 2013, na Kampala tena Novemba 2021. Gaidi hamtafuti bepari. Anamwua mlinzi wa mlangoni, mhudumu wa hoteli na utingo wa basi. Kwa hiyo anayedhani sisi wa vyama vya wafanyakazi tunaweza kumwonea huruma gaidi, hatujui hata kidogo.

Lakini tuseme ukweli juu ya mahali anapopitia. Hapiti kwenye geti akiwa na hati. Anapita njia za panya, na njia ya panya hufunguliwa na noti. Mpaka wenye askari mia wanaokula hongo ni dhaifu kuliko mpaka wenye askari kumi waaminifu. Mama anayevuka na beseni la omena anasumbuliwa, anapekuliwa, anatozwa kisicho na risiti. Halafu lori la mtu mkubwa linapita usiku bila turubai kufunguliwa. Mama huyo akichoka atapita kwenye miwa, na njia aliyoikanyaga yeye kwa ajili ya omena itakanyagwa kesho na mwenye nia mbaya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu Februari 2018 pale Busia kuna kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri anashughulikiwa mara moja badala ya mara mbili. Hatua hiyo ni njema. Pia upo utaratibu wa Jumuiya wa kumrahisishia mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000. Utaratibu huo ungefahamishwa kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso, ukafuatwa bila kumzungusha mtu, njia za panya zingeota majani. Huo nao ni ulinzi.

Sasa tunafika mahali panapotuuma. Yako maneno yanayoanza kusikika, kwamba kwa kuwa njia hii ni ya hatari na ya maana, basi anayeisimamisha kwa sababu yoyote ni mhujumu, na mhujumu ni ndugu wa gaidi. Tuwe macho. Wimbo huu ni wa zamani. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma wakidai mshahara unaotosha kula. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akafungiwa Baringo. Makhan Singh aliwekwa kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961. Mkoloni hakusema kwamba anaogopa kulipa mishahara. Alisema anatunza usalama.

Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya kugoma. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inatambua haki yake ya kuweka chini kazi kwa kufuata sheria. Na sheria ya Kenya ya kuzuia ugaidi ya mwaka 2012 yenyewe inaeleza kwamba maandamano au kusimamisha kazi hakuhesabiwi ugaidi, maadamu hakukukusudia kuwadhuru watu. Maneno hayo tuyaweke moyoni, tena tuyabandike ukutani. Madereva wa malori waliposimama Januari 2022 wakikataa ada ya kupimwa korona, hawakuwa magaidi. Walikuwa watu waliokuwa na njaa, na walisikilizwa, na sharti likalegezwa.

Lakini haki hii ni panga, na panga lina makali mawili. Hapa tutasema jambo ambalo baadhi ya wazee wetu hawatalipenda. Mwaka 1976 makuli wa Mombasa walipokataa mzigo wa Uganda, walikuwa na uchungu wa nchi yao, na Amin alikuwa amewachokoza kweli. Ila Amin hakulala njaa hata usiku mmoja. Aliyekosa chumvi na sabuni ni mfanyakazi wa Tororo, ambaye hakudai hata inchi moja ya Kenya. Silaha ya mfanyakazi ilimpiga mfanyakazi.

Linganisheni na Aprili 2008. Meli iitwayo An Yue Jiang ilifika Durban na silaha za kupelekwa Zimbabwe, wakati uchaguzi wa huko ulikuwa na mgogoro. Makuli wa Durban wakasema hawatashusha risasi za kuwaulia ndugu zao, na meli ikaondoka na shehena yake. Hawakukataa unga wala dawa. Walikataa risasi. Huko ndiko kuijua nguvu yako na kujua pa kuielekeza.

Kwa hiyo sisi tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, matawi ya vyama vya wafanyakazi ya Busia, Malaba na Tororo, ya pande zote mbili za mpaka, yakutane kila baada ya miezi mitatu. Dereva, mpakiaji, mfanyakazi wa reli, wa kiwanda na wa shamba wakae meza moja. Tusingoje wakubwa wagombane ndipo tutafutane.

Pili, tudai mikataba yote ya reli, bandari na mafuta itolewe hadharani kabla ya kutiwa saini. Katiba ya Kenya, kifungu cha 35, na sheria ya Uganda ya mwaka 2005 zinatupa haki ya kupata habari. Haki isiyodaiwa huoza kama muwa uliokatwa ukaachwa shambani.

Tatu, ulinzi wa mpaka uwe na utu. Dereva aliyelala siku tatu kwenye foleni bila choo wala taa ni windo la mwizi na la gaidi vilevile. Egesho lenye taa na maji ni kazi ya usalama sawa na bunduki. Na mfanyakazi anayetoa habari za hongo alindwe, asifukuzwe.

Nne, sisi wenyewe tuweke kiapo. Tukigoma, tutagoma kwa kufuata sheria, na dawa, chakula na wagonjwa watapita. Tukiona mzigo wa mashaka, tutasema bila kuogopa cheo cha mwenyewe. Na hatutakubali tena kutumwa kumnyima mwenzetu wa ng'ambo ya mto Sio kwa ugomvi usio wake.

Ndugu, zamani vijana wa hapa walianza kuvusha watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpakani hadi kituo cha pili, wakiita abiria kwa jina la mpaka wenyewe: boda, boda. Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima. Hawakungoja mkopo wa benki yoyote wala mkataba wa siri. Waliona watu wamekatwa katikati, wakawaunganisha kwa miguu yao.

Kazi yetu ni hiyohiyo. Njia ya bandari ilichimbwa kwa mifupa ya wafanyakazi, na inaendeshwa kila siku na mikono ya wafanyakazi. Ni haki yetu kuilinda, na ni haki yetu kuulizwa inapokodishwa.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.